Namba Moja kwa Nani? Mwongozo wa kuchagua chuo kikuu kwa mzazi na mtahiniwa wa Vitengeni

Matokeo ya KCSE yakishatoka Januari, Vitengeni nzima hugeuka kamati ya udahili. Stendi ya bodaboda wanajua chuo kipi kinaongoza Kenya. Mangweni wanajua kipi kimeporomoka. Mjomba aliyekuja matangani kutoka Mombasa anajua kuwashinda wote, kwa kuwa amesoma kwenye simu. Nawe mwenye mtoto aliyepata C+ au B unasikiliza kila upande, na ukifika nyumbani una orodha nne zisizofanana na bado huna jibu.

Mwongozo huu ni wako na wa huyo mtoto. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: orodha za ubora wa vyuo zina kazi yake, ila kukuchagulia chuo si kazi hiyo. Na swali la "cha serikali au cha kibinafsi?" lingojee zamu yake. La kwanza ni kozi gani, na kama kozi hiyo inatambuliwa. La pili ni lile ambalo wengi wetu tunaona haya kuliuliza mbele za watu: nyumba hii itaweza kulipa mpaka siku ya mahafali? Ukishayajibu hayo mawili, la serikali na kibinafsi mara nyingi hujijibu lenyewe.

Tuanze na orodha, maana ndizo zinazopandisha watu sauti. Ukisikia chuo fulani "ni cha tatu Kenya", aghalabu chanzo ni Webometrics. Hiyo hutolewa na watafiti wa Uhispania tangu 2004, nayo hutoka mara mbili kwa mwaka, Januari na Julai. Ndiyo sababu chuo kilichokuwa cha tano Januari kinaweza kuwa cha nane Julai bila mhadhiri hata mmoja kuhama. Nusu ya alama zake hutokana na tovuti ngapi za nje zinazoelekeza watu kwenye tovuti ya chuo. Asilimia 40 ni makala za utafiti zilizonukuliwa sana duniani, na 10 iliyobaki ni watafiti wa chuo wanavyonukuliwa na wenzao. Tafuta humo darasa la mwanao, hulioni. Mhadhiri anayefika saa mbili kamili na yule anayetuma ujumbe kwamba leo hakuna kipindi wamehesabiwa sawa, yaani hawakuhesabiwa.

Orodha ya Times Higher Education inaheshimika zaidi, lakini ina mlango mwembamba: chuo lazima kiwe kimechapisha walau makala 1,000 za utafiti katika miaka mitano. Chuo kichanga kinaweza kuwa na idara nzuri ya kilimo au ya uuguzi na kisionekane humo kabisa. Kutoonekana huko mangweni hutafsiriwa kuwa ni chuo kibovu. QS nayo hutoa asilimia 45 ya alama kwa sifa tu: 30 kwa maoni ya wasomi na 15 kwa maoni ya waajiri. Mtu aliyesikia jina la Nairobi au Makerere tangu utotoni ataliandika. Jina la Taita Taveta huenda hajalisikia, basi atalipita.

Wala usidhani wenzetu wa mbali wana mizani isiyoibiwa. Mwaka 2022 mwalimu wa hesabu wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, Michael Thaddeus, alizipekua takwimu ambazo chuo chake chenyewe kilikuwa kimezipeleka kwa jarida la U.S. News, akaonyesha hazisimami. Columbia kilikuwa cha pili Marekani. Orodha iliyofuata ilikiweka cha 18. Majengo ni yale yale, walimu ni wale wale.

Kwa hiyo mtu akikutajia namba, muulize: ya orodha gani, ya mwaka gani, na ya kozi gani? Akishindwa kujibu, mletee chai mzungumze mengine. Akijibu, mshukuru, kwa sababu kuna wanaofaa kuzitazama orodha hizi kwa makini: mtoto anayekusudia utafiti, anayeota shahada ya uzamili ng'ambo, au anayetaka sayansi inayohitaji maabara kubwa na maprofesa wanaochapisha. Huyo namba zitamsaidia. Anayetaka kuwa mwalimu wa sekondari Bamba ana maswali mengine ya kuuliza.

Sasa njoo kwenye serikali na kibinafsi. Wazee wetu hawakuwa na mjadala huu. Ronald Ngala, kijana wa Kilifi hii hii, alipotaka elimu ya juu alikwenda Makerere, kwa kuwa hapakuwa na pengine Afrika Mashariki. Chuo Kikuu cha Nairobi kilisimama peke yake kama chuo kikuu mwaka 1970. Baraton kilipata hati ya chuo kikuu mwaka 1991, cha kwanza cha kibinafsi kuipata nchini. Tangu hapo, mpaka kati ya jamii hizi mbili za vyuo umekuwa ukihamahama. Mwaka 1998 Nairobi kilifungua madarasa ya kujilipia, yale tuliyoyaita "parallel", na vyuo vingine vya umma vikafuata. Ghafla ndani ya chuo cha serikali mlikuwa na watoto wawili wa darasa moja, mmoja akilipa kidogo na mwenzake akilipa bei ya chuo cha kibinafsi.

Halafu ukaja mtihani wa KCSE wa 2016. Wizi wa mitihani ulibanwa, na waliopata C+, alama ya kuingilia chuo kikuu, kwenda juu wakawa 88,929 tu, kutoka zaidi ya 160,000 mwaka uliotangulia. Wanafunzi wa kujilipia wakakauka. Wakati huo huo serikali ilikuwa imeanza kuwapeleka watoto inaowafadhili katika vyuo vya kibinafsi. Ikawa sasa mtoto wa maskini anaweza kukaa chuo cha kibinafsi kwa pesa za serikali. Mfumo uliotangazwa 2023 ukaufunga mlango huo: ufadhili wa serikali usiorudishwa ni kwa wanaokwenda vyuo vya umma, na anayekwenda cha kibinafsi anaweza kuomba tu mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Nayasimulia haya kwa sababu majirani wengi wanakupa ushauri wa miaka ya nyuma. Aliyesomea chuo cha kibinafsi mwaka 2018 kwa ufadhili hakudanganyi. Sheria imebadilika tu.

Hapa kwenye pesa tukae kidogo, maana ndipo watoto wetu wengi wanapokwama mwaka wa pili.

Chini ya mfumo wa 2023, kila familia hupimwa na kuwekwa katika moja ya makundi matano. Kundi la kwanza ni la nyumba yenye kipato kisichozidi shilingi 5,995 kwa mwezi: serikali hutoa asilimia 70 ya gharama ya kozi, mkopo wa HELB asilimia 25, na nyumba asilimia 5. Kundi la tano, la wenye nacho, nyumba hulipa asilimia 40. Chukua kalamu. Tuseme kozi inagharimu 200,000 kwa mwaka. Ukiwa kundi la kwanza, serikali inaweka 140,000, mkopo 50,000, nawe unatoa 10,000. Ukiwekwa kundi la tano, unadaiwa 80,000 mkononi. Kozi hiyo hiyo, chuo hicho hicho. Tofauti ni fomu tu ilivyojazwa na kupimwa.

Sasa ipeleke kozi hiyo ya 200,000 kwenye chuo cha kibinafsi. Zile 140,000 zimeondoka. Utaomba mkopo, na kinachobaki ni chako, kila mwaka, kwa miaka minne. Mbuzi wa Vitengeni anaweza kulipa muhula mmoja. Zizi zima halilipi minane.

Wala cha umma usikione ni bure. Yule mtoto wa kundi la kwanza akikopa 50,000 za karo na 60,000 za kujikimu kila mwaka, atahitimu na deni la 440,000 kabla ya riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Mwambie tangu sasa. Vijana wengi hudhani pesa zinazoingia kwenye simu ni zawadi ya Rais.

Fomu ya upimaji ijazeni pamoja, mzazi na mtoto. Inauliza habari za kipato, ndugu wanaosoma, uyatima, ulemavu, na shule alizopitia. Mtoto wa mkulima aliyesomeshwa na mfadhili katika shule ya gharama anaweza kuonekana mwana wa tajiri. Kama alifadhiliwa, semeni hivyo na muwe na barua ya mfadhili. Mkiwekwa kundi lisilo lenu, kateni rufaa badala ya kulalamika sokoni. Na kagueni upya tarakimu za mwaka wenu: Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza mfumo huu kuwa kinyume cha Katiba, Mahakama ya Rufaa ikaisimamisha hukumu hiyo, kisha 2025 serikali ikapunguza karo za vyuo vya umma. Karatasi ya karo ya binamu yake aliyeingia 2023 imeshapitwa.

Ukiwa na karatasi hiyo ya karo mkononi, isome kama unavyosoma mkataba wa shamba. Tazama kwanza kama bei imeandikwa kwa mwaka au kwa muhula, na mihula ni miwili au mitatu. Baadhi ya vyuo vya kibinafsi vina mihula mitatu kwa mwaka, na tangazo la barabarani hutaja bei ya mmoja. Vingine hutoza kwa kila somo, basi uliza masomo ni mangapi mpaka kumaliza. Teremka chini kwenye herufi ndogo: usajili, kitambulisho, matibabu, chama cha wanafunzi, dhamana ya uharibifu, maabara, mitihani. Kisha ongeza yale ambayo chuo hakiandiki: chumba kama hosteli imejaa, chakula, nauli ya kwenda na kurudi, simu yenye intaneti, na miezi ya mafunzo kazini ambayo mara nyingi hayalipwi na mtoto lazima ale. Basari za eneo bunge na za kaunti zipo, ziombe zote, lakini usizipangie bajeti. Zinakuja zikipenda, na zikija huwa sehemu tu ya deni.

Je, vyuo vya kibinafsi havina faida? Zipo, na kubwa ni muda. Kwa kawaida hufuata kalenda. Vyuo vya umma vimekuwa na migomo ya wahadhiri mara kwa mara. Ule wa 2025 ulianza Septemba na kumalizika Novemba, karibu wiki saba, kwa sababu ya malimbikizo ya mishahara yaliyokubaliwa miaka mingi nyuma. Mtoto anarudi nyumbani, chumba cha kukodi kinaendelea kudai. Kuna pia ugonjwa wa alama zilizopotea: mwanafunzi amefanya mtihani mwaka wa pili, mwaka wa nne anaambiwa alama hazipo, na jina halitoki kwenye orodha ya mahafali. Ugonjwa huu umekithiri zaidi vyuo vya umma vyenye umati. Mpe mtoto dawa mapema: aweke kila karatasi ya kazi iliyosahihishwa, apige picha orodha ya mahudhurio ya mtihani akiweza, na afuatilie alama za muhula kabla ya muhula unaofuata kuanza.

Na baadhi ya vyuo vya kibinafsi vimejijengea jina la haki katika mambo maalumu, kama Strathmore kwa biashara na uhasibu. Mwenye uwezo wa kulipa bila kuuza shamba asione aibu kwenda. Ninachokataa ni kuuza shamba ili mtoto akavae fulana ya chuo cha kibinafsi chochote, akasome kozi ambayo Kilifi inafundishwa kwa robo ya gharama. Kibinafsi ni neno la kutaja mmiliki tu. Ndani yake mna vyuo vya hali ya juu na mna vibanda.

Kutofautisha chuo na kibanda kuna njia moja ya kuaminika: idhini. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, ndiyo inayoidhinisha vyuo na kozi, na orodha yake iko kwenye tovuti yake. Tafuta kozi kwa jina lake kamili, kwa sababu chuo kinaweza kuwa na hati na kozi moja isiwe imeidhinishwa. Kama ni kozi ya taaluma, nenda hatua ya pili, kwa chombo cha taaluma yenyewe: bodi ya wahandisi, baraza la wauguzi, baraza la madaktari, baraza la elimu ya sheria. Wahitimu zaidi ya mia moja wa uhandisi, waliosoma miaka mitano katika vyuo vya umma tunavyoviheshimu, walikataliwa usajili na bodi ya wahandisi. Kesi yao ilipanda mpaka Mahakama ya Juu, ikaamuliwa 2018. Miaka yote hiyo walikuwa na shahada wasizoweza kuzitumia. Jina la serikali mlangoni halikuwasaidia.

Bewa nalo liangalie. Chuo chenye makao makuu mazuri kinaweza kufungua tawi ghorofani juu ya duka la simu, bila maktaba, na wahadhiri wa kupita. Mwaka 2016 CUE iliamuru Chuo Kikuu cha Kisii kifunge mabewa kumi. Barua ya kujiunga itakuonyesha bewa gani. Lisome hilo neno kabla ya kuandaa sherehe.

Tuje nyumbani. Pwani tuna vyuo vikuu vitatu vya umma vyenye hati, na kila kimoja kina uzito wake. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, TUM, kilichopata hati 2013, kimetokana na ile Mombasa Polytechnic ya zamani, na mizizi yake ni uhandisi na ufundi. Taita Taveta, kilichopata hati 2016, kinajulikana kwa uhandisi wa madini. Na Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, unakwenda na kurudi siku moja. Kilikuwa chuo cha kilimo, 2007 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kenyatta, na 2013 kikapata hati yake. Mji huo huo una kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kilichoanza 1989, ambacho kazi zake za malaria zinasomwa dunia nzima. Mtoto wa Vitengeni anayesoma sayansi za kibayolojia katika chuo cha Pwani ana jirani ambaye vyuo vingi vyenye namba nzuri kuliko Pwani havina. Ndiyo maana nasema tazama idara, na idara inapakana na nani. Anayependa bahari, mifugo au kilimo cha ardhi kame naye atafute ushauri hapo kabla ya kufikiria Nairobi.

Tatizo ni kwamba mtoto mwenyewe hataki. Mazungumzo huwa haya:

"Baba, Kilifi ni hapa tu. Wenzangu wanaenda Nairobi."

"Na Nairobi utalala wapi, mwanangu?"

"Kwa shangazi."

"Shangazi ana chumba kimoja na watoto watatu."

Usimkemee. Hamu ya kuondoka nyumbani ni halali, na kuna faida ya kukutana na watu wa kabila na dini tofauti. Lakini mfanye ajibu kwa hesabu: aandike mwenyewe gharama ya mwaka mzima kwa vyuo viwili, Kilifi na huko anakotaka, kwa kozi ile ile. Ikiwa tofauti inabebeka na idara ya huko ni bora kweli, mwache aende kwa baraka. Wengi hubadili mawazo wakifika mstari wa kodi ya nyumba.

Wakati wa kuomba kwenye mtandao wa KUCCPS, wanaowapangia wanafunzi vyuo, mtoto aingie mwenyewe. Saiba ya sokoni ni ya kutumia kompyuta. Kijana wa saiba asiwe mshauri, na asibaki na nywila. Wapo watoto waliojikuta wamepangiwa kozi ambayo hawakuwahi kuisikia kwa sababu mtu mwingine alijaza nafasi zilizobaki. Alama za klasta, yaani za masomo ambayo kozi inahitaji, zinaonekana kwenye mtandao huo huo, pamoja na alama ya mtu wa mwisho aliyeingia kila kozi mwaka uliopita. Hiyo alama ya mwisho ni ishara ya ushindani tu, na mwaka huu inaweza kupanda au kushuka. Mpangilio salama ni chaguo moja la kujaribu bahati, mengine ambayo alama zake zinatosha, na moja la chini lenye uhakika, yote yakiwa kozi ambazo yuko tayari kuzisoma kweli.

Kama kozi anayoitaka haipatikani, usimsukumie shahada yoyote ili mradi aitwe wa chuo kikuu. KCSE ya 2024 ilikuwa na watahiniwa 962,512, na 246,391 ndio waliofikia C+, basi walio wengi hupita njia nyingine. Kila mwaka wanahitimu maelfu wenye shahada za jumla wasiojua waziuzie nani, huku diploma ya KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba chenye mabewa Kilifi na Malindi, ikimpa kijana njia ya kupata leseni ya kazi na ya kuendelea na shahada baadaye.

Hatua ya mwisho haihitaji intaneti. Kabla dirisha la maombi halijafungwa, panda matatu na mtoto wako, nendeni Kilifi au Mombasa siku ya kazi, muingie chuoni. Msiende ofisi ya matangazo. Tafuteni wanafunzi wa mwaka wa tatu wa kozi hiyo hiyo, muwaulize: mna wahadhiri wangapi wa kudumu? Maabara inafanya kazi? Darasa lililowatangulia limehitimu lini, na wangapi wamebaki nyuma kwa alama au karo? Nendeni na daftari, na majibu ayaandike mtoto kwa mkono wake.